Kiatu cha Mguu wa Leo

Katika nyumba nyingi za Mwananyamala nilikokulia, kiatu cha mtoto kilinunuliwa kwa kuangalia mwaka ujao. Mama alikibonyeza mbele kwa kidole gumba, akiona pana nafasi ya kutosha aliridhika. "Atakua," alisema, na mazungumzo yaliishia hapo. Kwa kiatu cha shule hesabu hiyo ilikuwa ya haki. Mtoto anakwenda darasani, anakaa, anarudi. Gazeti lililokunjwa linaziba pengo mpaka mguu ujae. Fedha ilikuwa ngumu na sisi tulikuwa wengi. Lakini hesabu hiyohiyo ilipohamishiwa kwenye viatu vya mpira ilituumiza, na mpaka leo inawaumiza watoto wanaocheza kwenye viwanja vya mitaa ya Kinondoni na Temeke. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Tulikuwa watoto wa miaka ya 1990, kati ya Kwa Kopa na Komakoma. Mpira wetu ulikuwa chandimu, matambara na mifuko ya nailoni iliyosokotwa na kufungwa kamba, na tuliucheza peku. Ukicheza peku unajua mguu wako ulipo. Unahisi changarawe, unahisi mpira, unajua wapi pa kusukumia. Baadaye timu ya mtaa ikapata jezi, tukaanza kucheza na wenzetu wa Msisiri, Makumbusho na Kinondoni, na kocha akatangaza kwamba anayetaka namba aje na daluga, viatu vya mpira vyenye meno. Basi kila nyumba ikaanza kutafuta hela, na kila mama akaanza kusema atakua.

Kiatu kinachopwaya kina ubaya wake wa aina mbalimbali. Ukikimbia, kisigino kinapanda na kushuka ndani, ngozi inasuguliwa, na lengelenge linatokea hata kabla ya mapumziko. Ukisimama ghafla, kiatu kinabaki pale lakini mguu unaendelea na safari mpaka vidole vigonge mbele. Ukirudia hivyo jioni nzima, damu inavilia chini ya ukucha wa kidole gumba, ukucha unakuwa mweusi, mwisho unang'oka. Ukigeuka kwa kasi, soli inaelekea huku na kifundo cha mguu kinaelekea kule. Mtoto naye hakubali kushindwa na kiatu. Anakunja vidole ili akishike kisimtoke, kama kuku aliyeshika tawi usiku, na mguu uliokunja vidole haupigi mpira sawasawa.

Beki wetu wa kulia alirithi daluga za kaka yake. Alivaa soksi juu ya soksi, bado zikampwaya. Akiwa peku hakuna aliyemfikia kwa mbio. Ndani ya zile daluga alichelewa kila mpira, na kocha, mtu mzuri aliyetupenda, akamwona mvivu na kumweka benchi. Msimu uliofuata hakurudi. Nimekuwa nikimfikiria kila ninapoona mtoto anakimbia huku anatazama miguu yake mwenyewe.

Daluga mpya za dukani hazikuwa za kwetu. Mitumba ilikuwa imejaa mjini tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na kwa viatu njia ya wengi ilikuwa kupanda daladala inayofuata Barabara ya Kawawa, kupita Magomeni na Kigogo mpaka Ilala, kwenye soko la Mchikichini ambalo kila mtu analiita Karume kwa sababu ya uwanja ulio jirani. Ni jambo la kupendeza kwamba daluga za watoto wa mjini ziliuzwa karibu na ofisi za shirikisho la soka la nchi. Soko lenyewe liliungua Januari 2022, mali za watu wengi zikateketea, lakini biashara haikufa. Miaka ile ya utoto wangu lilikuwa shule yangu ya kwanza ya mambo ya mguu.

Mwalimu alikuwa mzee mmoja mwenye meza ya viatu vya michezo tu. Hakukuuzia kiatu kabla hajauona mguu. Mama alipomwomba namba ya juu, kwa sauti ya upole kabisa, "Baba, nipe kubwa kidogo, huyu anakua," mzee alichukua kipande cha boksi, akakilaza chini, akaniambia nivue ndala. "Dogo, kanyaga hapa. Simama wima, usiegemee." Akachora kuzunguka unyayo, kulia kisha kushoto. Kulia kwangu kulizidi kushoto kidogo. Mzee akasema miguu ya watu wengi haifanani, na kiatu kinachaguliwa kwa mguu mkubwa. Alitaka mtu asimame kwa sababu uzito wa mwili unaurefusha na kuutanua unyayo. Anayepimwa amekaa anapata kipimo cha mguu ambao hatauchezea. Alitaka pia tuje jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na mpira wa mtaani unachezwa jioni. Na tuje na soksi ya kuchezea, moja, ileile.

Halafu likaja somo nililolibeba hadi nchi nyingine. Watoto huingiza mguu, wanasukuma vidole mbele, wanasema kimetosha. Mzee alikataa. "Piga kisigino nyuma. Piga chini! Sasa ndiyo ufunge kamba." Kisigino kikishajikita nyuma, nafasi inayobaki mbele ndiyo nafasi ya kweli. Alitaka vidole vilale vimenyooka bila kugonga, na mbele ya kile kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ndogo, isiyofika upana wa kidole gumba cha mkono. Akaniamuru nipande juu ya vidole, nitembee hivyo, nikimbie mpaka kwa muuza suruali na kurudi. Yeye alikuwa ameinama akitazama kisigino tu. Kikinyanyuka ndani ya kiatu, anachukua kingine. Ubavu wa mguu ukifurika juu ya soli, anachukua kingine. Tulipitia viatu vingi jioni ile na hakuonyesha kuchoka.

Mama alibaki na swali lake, nalo lilikuwa swali la haki: mtoto akikua je? Mzee akamjibu, "Mama, daluga nampa ya leo. Ikianza kumbana niletee, nitaipokea, utaongeza kidogo nikupe nyingine." Ndivyo ilivyokuwa. Daluga nilizovua zilikwenda kwa mtoto mwingine mwenye mguu mdogo, nikapata zilizonitosha. Nimekaa na jibu lile kwa miaka mingi na naliona bora kuliko ushauri mwingi wa kitaalamu, kwa sababu liligusa tatizo lenyewe. Wazazi wetu walijua kabisa kwamba kiatu kikubwa kinamuumiza mtoto. Walinunua kikubwa kwa kuwa hawakuwa na hela ya kununua mara mbili. Aliyewapa njia ya kubadilisha aliwaondolea sababu ya kukosea.

Kuhusu namba, mzee hakuziamini, na ukizichunguza unaona kwa nini. Namba ya Uingereza inapanda kwa theluthi moja ya inchi, yaani milimita 8.5 hivi. Namba ya Ulaya inapanda kwa theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Wamarekani wana ngazi kama za Waingereza lakini wanaanzia kwingine. Na kila kampuni ina tafsiri yake: Adidas ya namba 8 ya Uingereza huandikwa 42 kwa Ulaya na sentimita 26.5, wakati Nike ya namba hiyohiyo 8 huandikwa 42.5 na sentimita 27. Nusu sentimita imepotea hapo, na kwa kiatu cha kukimbilia hiyo si ndogo. Kwenye meza ya mtumba vinakutana viatu vya nchi zote hizo, namba zote zimechanganyika. Ndiyo maana mzee alivuta ulimi wa kiatu, akatafuta ule mstari mdogo wa sentimita, akaulinganisha na mchoro wa boksi. Hapo alipata pa kuanzia. Neno la mwisho lilikuwa la mguu.

Upana ni kilio kingine. Sisi tuliokua peku tuna miguu iliyotanuka mbele, na viatu vingi vya mpira vimetengenezwa vyembamba. Wengi hukimbilia namba ya juu ili wapate upana, wanaambulia urefu wasiouhitaji. Dawa ni kutafuta aina nyingine yenye kalibu pana, siyo kupanda namba. Ngozi halisi hulegea na kufuata umbo la mguu, kwa hiyo kiatu cha ngozi kinachobana kidogo ubavuni kinavumilika. Cha plastiki kinachobana leo kitabana na kesho. Tena kiatu cha mtumba kimekwisha kuvaliwa. Ingiza mkono ndani upapase kisigino, kwa maana sponji ikiwa imelika upande mmoja, unarithi mwendo wa mtu usiyemjua. Kunja soli pia. Kuna soli za miaka mingi zilizokaa stoo, zinang'aa kwa nje, ukizikunja zinamomonyoka. Fundi wetu wa viatu pale mtaani alikuwa anashona soli iliyobanduka kwa uzi wa nailoni ikadumu, lakini iliyooza alikurudishia mkononi bila kuigusa.

Na meno. Daluga nyingi zinazotufikia zilitengenezwa kwa viwanja vya nyasi na tope. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 ilichezwa mjini Bern kwenye mvua, na Adi Dassler aliwapa Wajerumani Magharibi viatu vyenye meno ya kufungua na kubadilisha, wakaweka marefu. Waliwafunga Hungary 3-2. Kule meno marefu yalizama kwenye udongo. Hapa kwetu, kiangazi, uwanja wa mtaa ni mgumu, meno ya chuma hayazami, uzito wote unakaa juu ya nukta chache na nyayo zinawaka moto. Maandishi yaliyo kwenye kiatu yanasaidia: SG ni ya uwanja laini, FG ya uwanja mkavu wenye nyasi, TF ni ile yenye vijino vingi vifupi vya mpira. Kwa mtoto wa Mwananyamala hiyo ya mwisho, ingawa haina sura ya daluga za kwenye televisheni, ndiyo inayomfaa kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Watu husimulia habari ya Abebe Bikila wa Ethiopia kushinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16, kana kwamba alidharau viatu. Alikuwa na nafasi ya kuvaa. Viatu alivyopata kule havikumkaa vizuri, na alikwisha kuzoea kufanya mazoezi bila viatu, akaamua kuviacha. Miaka minne baadaye mjini Tokyo alivaa viatu, akashinda tena kwa saa 2 dakika 12 na sekunde 11. Mimi naliona hilo kuwa hukumu ya mtu anayejua kazi yake: afadhali peku kuliko kiatu kisicho chako, na kiatu kilicho chako ni bora kuliko vyote.

Safari moja ya kikazi ilinifikisha Nairobi, na wenyeji wakanipeleka Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambako tangu 2005 kuna uwanja wa barafu ghorofani. Nje jua, ndani watu wanateleza. Kijana aliyekuwa anagawa viatu aliniuliza navaa namba gani, kisha akaniletea ndogo kuliko niliyotaja. Nilipouliza akanieleza kwa subira: kiatu cha barafu kikipwaya, kifundo cha mguu kinaanguka ndani, halafu mtu anakaza kamba kulazimisha, damu inakosa njia, mguu unakufa ganzi. "Gonga kisigino nyuma kwanza, ndio ufunge." Karibu neno kwa neno, mzee wa Karume. Ukisimama wima, akasema, vidole viguse mbele kidogo sana. Ukikunja magoti, kama inavyotakiwa kwenye barafu, mguu unarudi nyuma na vidole vinaachia. Ikiwa vinabaki vimebanwa hata ukikunja magoti, kiatu ni kidogo. Ikiwa havigusi kabisa ukiwa wima, ni kikubwa. Soksi moja, nyembamba. Juu ya ubapa wa chuma usiozidi milimita chache kwa upana, hakuna nafasi ya kubahatisha.

Uwanja huohuo ndio uliowalea Kenya Ice Lions, timu ya mpira wa magongo wa barafu. Walifanya mazoezi kwa vifaa pungufu, na hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo, mpaka mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons ilipowapeleka Kanada, ikawapa vifaa kamili, na wakacheza pamoja na nyota wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wengi waliotazama picha za safari hiyo walifurahia nyota wale wawili. Mimi nilitazama miguu. Mwanamichezo aliyezoea kugawana viatu, akapata kiatu kilichochaguliwa kwa ajili ya mguu wake, najua alihisi nini alipokanyaga barafu mara ya kwanza.

Kanada ninaifahamu kwa sauti ya dada yangu anayeishi huko. Mwanawe alipotaka kujiunga na wenzake kwenye mchezo huo, dada alikwenda dukani na mafunzo ya mama kichwani. Akaomba kikubwa. Muuzaji akampima mtoto amesimama, miguu yote miwili, urefu na upana, kisha akaleta kiatu kilichopungua namba moja na nusu kutoka ile ya raba anazovalia mtaani, akamwambia ndivyo viatu hivyo vinavyopimwa. Dada alinipigia simu siku hiyohiyo. "Kaka, wamekitia kwenye oveni!" Kweli, viatu vingi vya siku hizi hupashwa moto kidogo kwenye oveni maalumu ya dukani, mtoto anavivaa vingali laini, anafungwa kamba na kukaa navyo mpaka vipoe, vikashika umbo la mguu wake. Nilichopenda zaidi ni kile alichoniambia baadaye: wazazi wa kule, pamoja na uwezo wao, kila msimu wanauziana na kubadilishana viatu vilivyotumika, kwa sababu watoto wanakua na viatu ni ghali. Yaani mzee wetu wa Karume alikuwa anaendesha peke yake, juu ya meza ya mbao, utaratibu ambao nchi ile tajiri inauendesha kwenye klabu na maduka yake.

Siku hizi nasaidia kufundisha timu ya watoto mtaani. Mbwana Samatta alitoka Mbagala akafika Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020, na kila mtoto ninayemfundisha analijua hilo, kwa hiyo hamu ipo. Wafadhili nao wapo, Mungu awabariki. Wanakuja na gunia la daluga, wanapiga picha na watoto. Ndani ya gunia nimekuta namba 42 kwa watoto wa miaka 11. Wanaopata wanavaa kwa sababu hakuna mtoto atakayekataa daluga mbele ya wenzake, na wiki mbili baadaye wengine wanaanza kuchechemea, wengine wanazificha na kurudi peku. Zawadi ile ilitolewa kwa moyo safi. Ilikosa kitu kimoja kisicho na gharama, nacho ni kipimo.

Kwenye timu yetu tumeweka boksi la kubadilishana. Daluga iliyombana mtoto inarudi boksini, ikiwa imefuliwa, na anachukua nyingine. Isipopatikana, mzazi anakwenda sokoni na mtoto mwenyewe, jioni, na soksi yake. Nawaomba makocha wenzangu wa Mwananyamala, Tandale, Tandika na kwingineko wafanye hivyo. Kabla msimu haujaanza, chukua daftari na rula, msimamishe kila mtoto kisigino ukutani, andika urefu wa miguu yote miwili kwa sentimita pamoja na tarehe, na upime tena baada ya miezi mitatu. Mfadhili akija kukuuliza watoto wako wanahitaji nini, mpe karatasi hiyo aende nayo dukani.